Majumba ya sanaa Nairobi yanavyotafuta watazamaji wenyeji

Historia ya majumba ya sanaa ya kisasa jijini Nairobi ni historia ya kutafuta watazamaji. Wachoraji hawakupungua. Waliokosekana kwa muda mrefu ni wenyeji waliozoeshwa tangu utotoni kusimama mbele ya picha na kuihoji.

Kituo cha Paa ya Paa kilianzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, akishirikiana na wenzake. Jina lake, linalokusudia paa wa porini anayeinuka juu, huenda likawakera walimu wa sarufi, lakini limedumu. Njau alisomea sanaa Makerere, nchini Uganda, na alikuwa amewafundisha watoto kuchora kabla ya kufungua milango ya kituo hicho. Ualimu huo ulionekana humo: picha zilitundikwa mahali ambapo watu pia walisoma mashairi na kujadiliana. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya hazina yake.

Gallery Watatu, iliyofunguliwa na wasanii watatu mwishoni mwa miaka ya 1960, ilifuata njia ya soko. Hususan baada ya Ruth Schaffner kuichukua katika miaka ya 1980, iliwapatia riziki wachoraji wengi ambao hawakupitia chuo chochote. Hata hivyo, wengi wa wanunuzi wake walikuwa wageni. Biashara hiyo si ya kulaumiwa, ila mchoraji anayejua kuwa picha yake itapanda ndege hujifunza upesi kile ambacho mgeni hutaka kukiona.

Kwa upande wa shule, hali haikusaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya sanaa na muziki hayakuwa tena miongoni mwa yale yaliyotahiniwa katika mtihani wa taifa wa darasa la nane. Somo lisilotahiniwa bado huandikwa kwenye ratiba, lakini muda wake humezwa na hisabati. Hivyo mwanafunzi aliweza kumaliza shule ya msingi bila kushika brashi.

Pengo hilo ndilo vituo vipya vilivyojaribu kuliziba. Kuona Trust ilianza mwaka 1995 katika eneo la Makumbusho ya Taifa, ambako mtu aliyekwenda kutazama ndege waliokaushwa aliweza kumkuta mchoraji kazini. GoDown ilifuata mwaka 2003 katika bohari la zamani kwenye eneo la viwanda, ikiwakutanisha wachoraji, wacheza ngoma na wanamuziki. Dar es Salaam nayo ilipata Nafasi Art Space mwaka 2008 huko Mikocheni, yenye karakana ndani ya makontena, ambayo baadaye ilianzisha mafunzo yake yenyewe ya sanaa.

Mfano unaoeleza zaidi ni wa Sane Wadu. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuacha kazi hiyo ili achore, uamuzi uliowafanya watu wamwone mwendawazimu. Yeye na mkewe Eunice, ambaye pia ni msanii, wamewafundisha watoto sanaa huko Naivasha. Taasisi ya Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020, ilifungua ukumbi wake mwaka 2022 kwa maonyesho ya kazi za Wadu, na ina maktaba kwa wanaotaka kusoma kuhusu sanaa ya eneo hili.

Mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2017, umeirejesha sanaa darasani na kuifanya mojawapo ya njia za masomo katika sekondari ya juu. Walimu waliosomea kazi hiyo, rangi na karatasi bado ni mzigo kwa shule nyingi. Umbali nao ni kikwazo: ukumbi wa taasisi ya Armitage uko ndani ya jengo la maduka kando ya barabara ya Limuru, na mwanafunzi wa Kayole hana budi kufika kwanza katikati ya jiji ndipo apande matatu ya pili.