Unyofu na Ukunjufu wa Moyo katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Unyofu na ukunjufu wa moyo ni fadhila mbili ambazo dini ya Kikristo huziagiza pamoja, walakini si jambo jepesi kuzikalisha katika kifua kimoja. Mnyofu huelekea ukali. Mkunjufu huelekea kufumbia macho maovu. Historia ya Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 yaonyesha jinsi fadhila hizi zilivyotafutwa, zilivyopatikana, na wakati mwingine zilivyopotezwa.

Mwezi Septemba 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, karibu na Ziwa Muhazi, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi juu ya kilima cha Namirembe, Kampala. Daktari alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kuu iliyoipiga Rwanda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Huo haukuwa mkutano wa mwalimu na mwanafunzi, bali wa watu wawili waliokiri upungufu mmoja. Baadaye Blasio Kigozi, ndugu mdogo wa Nsibambi, alifundisha Gahini kwa bidii iliyowaamsha wengi, hata alipofariki Januari 1936. Waliofuata njia hiyo waliitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka.

Desturi yao kubwa ilikuwa kutembea katika nuru. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja kosa lake kwa jina lake: kama ni wizi, aliuita wizi. Tena maneno hayakutosha. Aliyeiba alirudisha alichoiba, na aliyekwepa deni alikwenda kulilipa. Baada ya maungamo ndugu waliimba Tukutendereza Yesu na kumkumbatia aliyeungama. Katika tendo hilo fadhila zote mbili zilikutana: mwenye kosa alitoa ukweli, na wasikilizaji walitoa msamaha. Pasipo msamaha huo, ni nani angalithubutu kusema?

Jambo la ajabu zaidi katika zama za ukoloni ni kwamba mmisionari wa Kizungu naye aliungama kiburi cha rangi yake mbele ya Waafrika, na Mwafrika akaungama chuki yake kwa Mzungu. Wakaitana ndugu, wakati ambapo klabu na shule ziliwatenga.

Lakini nuru iwezayo kuonyesha njia yaweza pia kuchoma macho. Wako waliokuwa hodari wa kuona dhambi za wengine kuliko zao, na wahenga walikwisha kunena kwamba nyani haoni kundule. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa kwa kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yaliyowashutumu wakubwa wa chuo. Wakubwa nao hawakukosa ugumu. Hata hivyo Kanisa la Uganda halikupasuka, kwa kuwa Askofu Cyril Stuart hakukata uhusiano na Balokole, nao kwa jumla hawakujenga kanisa lao peke yao. Nyanza, katika Kenya, haikuwa hivyo. Huko waamshwa waligawanyika, upande mmoja ukajulikana kwa Kijaluo kama watu wa damu na upande wa pili watu wa upendo. Mwaka 1957 hao wa pili, wakiongozwa na Matthew Ajuoga, walijitenga.

Mtihani mzito zaidi ulikuja pamoja na silaha. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, Wakikuyu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali. Baadhi waliuawa. Katika Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 baada ya maaskofu kumweleza Idi Amin ukweli kwa maandishi. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbilia ng'ambo, aliandika kitabu ambacho jina lake latangaza kwamba yeye ampenda Idi Amin. Hakusema kuwa mtawala yule ni mwema. Alikataa tu kuongozwa na chuki yake mwenyewe.

Haifai, walakini, kuifunga habari hii kwa sifa tupu. Katika mwaka 1994 Rwanda, nchi ya Gahini, iliona mauaji ya kimbari. Wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha jirani zao, lakini viongozi kadhaa wa makanisa walinyamaza au walishiriki, na watu waliuawa hata ndani ya nyumba za ibada. Somo lake ni chungu. Watu walikuwa wamejizoeza kuungama wivu, ulevi na wizi wa mtu mmoja mmoja, lakini dhambi ya wengi, yaani dharau ya kabila kwa kabila, haikutajwa kwa ushujaa uleule.

Basi unyofu hauna budi kufika mahali ambapo wengi wamekubaliana kunyamaza, na ukunjufu wa moyo hauna budi kuvuka mpaka wa wale tunaowaita wetu. Maungamo yasiyogusa mambo hayo mawili humpa mtu faraja, lakini hayamwokoi jirani yake.