Saa ya Dini Katika Masomo ya Watoto: Ilitoka Wapi Katika Inchi Yetu?

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya saa ya dini, ile ambayo mwalimu wa masomo ya msingi anaiandika ubaoni kati ya hesabu na Kifaransa. Tuchukue darasa moja la kijiji ambako shule ni moja tu. Juu ya viti wanakaa watoto wa Wakatoliki, wa Waprotestanti, wa Wakimbangu, wa Waislamu, na wengine ambao mababu zao wangali wanaheshimu mizimu ya ukoo. Mwalimu ni mmoja. Anasema nini mbele ya hao wote?

Watu wengi wanafikiri jambo hili lilipangwa tangu mwanzo, kwamba shule ni ya kanisa kama vile mto ni wa bonde. Lakini sivyo. Lilipangwa na watu, likavunjwa, likapangwa upya, na kila mara kwa sababu zao wenyewe.

Zamani mtoto alijifunza mambo ya Mungu na ya mababu karibu na moto wa jioni, na kwa makabila mengine katika kambi ya jando. Mashariki mwa inchi, kule Maniema, katika miji kama Nyangwe na Kasongo, kulikuwa pia na Wangwana waliosomesha watoto Kurani kwa herufi za Kiarabu, kabla Mbeleji hajafungua darasa lolote huko. Kisha wakaja Mapadri Weupe. Walifika kando ya ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 wakashika kituo cha Mpala. Wengi kati ya wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kutoka mikono ya wafanyabiashara wa watumwa. Tuliangalie jambo hilo vizuri. Watoto wale hawakuwa na baba wala mama wa karibu wa kuulizwa: je, mnapenda mtoto wenu afundishwe dini gani? Mapadri wenyewe ndio waliokuwa baba zao. Kazi ile iliokoa maisha, na matunda yake yalionekana: Stefano Kaoze, mtu wa upande ule ule wa ziwa, alipadrishwa mwaka 1917, padri wa kwanza wa Kongo ya wakati wa ukoloni. Lakini desturi ya kumfundisha mtoto dini bila kuuliza nyumbani kwake ilianza pale, na ilibaki hata pale watoto walipokuwa na wazazi wao wazima.

Mwaka 1906, tarehe 26 Mei, Serikali ya mfalme Leopold na Vatikano walitia sahihi makubaliano. Bula Matari aliahidi kuwapa wamisionari Wakatoliki udongo, hektari 100 mpaka 200 kwa kila kituo, nao waliahidi kujenga shule na kuziongoza, programu ya masomo ikipelekwa kwa Gavana. Kwa hiyo shule na dini vilifungwa pamoja kwa hati ya udongo. Baadaye, kuanzia miaka ya 1920, Serikali ya Wabeleji iliongeza pesa za msaada, lakini kwa misioni zilizoitwa za kitaifa tu, maana yake zaidi zile za Kikatoliki za Ubeleji. Waprotestanti, ambao wengi wa wamisionari wao walitoka Uingereza, Marekani, Uswidi na Norvejia, walijitegemea wenyewe mpaka mwaka 1948.

Na waliobaki nje kabisa? Waislamu wa Maniema, tangu vita vya 1892 mpaka 1894 vilipovunja nguvu za mabwana wa Kiarabu, walitazamwa na Serikali kama watu wa kuogopwa. Shule zao za Kurani hazikupata hata franga moja. Mzazi Mwislamu aliyetaka mtoto wake ajue kuandika barua au kupata kazi ya karani alikuwa na mlango mmoja, na mlango ule ulipita katika katekisimu. Wengine waliingia, wakapokea jina jipya shuleni na kuitwa jina la zamani nyumbani. Wengine walikataa, na watoto wao wakakosa masomo. Ndiyo sababu jamaa nyingi zilibaki nyuma, si kwa uvivu kama wengine wanavyopenda kusema.

Wakimbangu nao walionja uchungu wa namna hii. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, miezi michache tu baada ya kuanza kuhubiri Nkamba. Akahukumiwa kufa, kisha mfalme akabadili hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Alikufa katika gereza la Elisabethville mwaka 1951, baada ya miaka 30 ya kufungwa. Wafuasi wake walipoanza kujionyesha wazi katika miaka ya 1950, watoto wao walifukuzwa katika shule za misioni. Ndipo wazazi wakaanza kufungua madarasa yao wenyewe, na Kanisa lao likatambuliwa na Serikali mwishoni mwa 1959. Shule za Kikimbangu tunazoziona leo zina mizizi yao hapo, kwa watoto waliotolewa darasani kwa ajili ya imani ya wazazi wao.

Mwaka 1954 jambo moja likageuka. Waziri wa makoloni huko Brussels, bwana Auguste Buisseret, mtu wa chama cha Waliberali, alifungua shule za Serikali zisizo za kanisa kwa watoto wa Wakongomani. Mapadri walikasirika sana, na ugomvi wa Wabeleji juu ya shule ukahamia huku kwetu. Lakini tusikitazame kelele tu. Katika shule hizo mzazi aliweza kuchagua: dini ya Kikatoliki, dini ya Kiprotestanti, au somo la maadili. Shule hizo zilikuwa chache, nyingi zikiwa mijini. Hata hivyo mzazi Mkongomani aliulizwa swali, na mimi naona hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko majengo yenyewe.

Uhuru ulikuja, fujo zikaja, kisha Mobutu. Mwaka 1972 alikataza majina ya Kikristo. Mwaka 1974 siku ya Noeli ilifutwa kuwa siku ya mapumziko, shule za makanisa zikachukuliwa na Serikali, na saa ya dini ikaondolewa. Je, saa hiyo ilibaki tupu? Hapana. Waliokuwa watoto wakati ule wanakumbuka nyimbo za asubuhi za kumsifu Kiongozi, na picha yake ukutani mahali palipokuwa msalaba. Mahubiri yaliendelea, ni mhubiriwa aliyebadilika. Wale wanaosema leo kwamba dini ikitolewa darasani amani itakuja yenyewe, wakumbuke miaka ile.

Serikali haikuweza kuziendesha shule hizo. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi konvansio na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu nao waliingia katika mpango huo. Serikali inaweka programu, inalipa walimu, inatuma wakaguzi. Jamii ya dini inaongoza shule. Saa ya dini ikarudi, na kwa kawaida ni dini ya mwenye kuongoza shule. Ndivyo ilivyo mpaka leo katika sehemu kubwa ya shule za inchi.

Sasa tufike penye kuuma. Kuanzia miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilikauka. Ni wazazi waliobeba shule kwa michango yao, mwezi kwa mwezi, hata wakati wa vita vya 1996 na 1998, wakiuza mihogo na kuku. Mchango ule haukuuliza dini. Mama Mwislamu alilipa katika shule ya Kikatoliki, baba Mkimbangu alilipa katika shule ya Kiprotestanti, kwa sababu ndiyo shule iliyokuwa karibu. Mwalimu aliyekula kwa jasho la mzazi huyo, anaweza kweli kusimama mbele ya mtoto na kusema kwamba sala za nyumbani kwake ni upuuzi? Katiba ya 2006, katika kifungu cha 45, inasema kila mtu anaingia katika shule za taifa bila kubaguliwa kwa ajili ya dini. Lakini kuingia mlangoni ni jambo moja, na kukaa ndani bila kuaibishwa ni jambo lingine.

Tazameni Beni. Tangu Oktoba 2014 watu wa huko wanauawa kwa mapanga na bunduki, na kundi la ADF linalotajwa katika mauaji hayo linajifunika jina la Uislamu. Mwezi wa Mei 2021 maimamu wawili waliuawa katika eneo hilo; mmoja wao, aliyekuwa akisema wazi kinyume cha wauaji hao, alipigwa risasi ndani ya msikiti mjini Beni. Mtoto wa miaka tisa asiyefundishwa kitu juu ya Waislamu, atajaza nafasi hiyo kwa maneno ya barabarani. Atamwangalia mwenzake anayeitwa Amisi au Zaina na kumwogopa. Mwalimu anayejua kueleza kwamba imamu yule alikufa kwa kuwatetea majirani wa dini zote anafanya kazi ambayo askari hawawezi kuifanya.

Wazazi wengine wanasema: mkimfundisha mtoto dini za wengine mtamchanganya akili. Tunaelewa woga huo. Hatusemi kwamba shule ya parokia iache kufundisha sala zake. Ni haki yake, na wengi wenu mliipeleka damu yenu pale kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mtoto wa masomo ya msingi hachanganyikiwi na kujua kwamba jirani anafunga Ramadani, kwamba Wakimbangu wanavua viatu mahali pao patakatifu, kwamba nyanya yake akimwaga pombe kidogo chini anawakumbuka wafu wake. Anayaona kila siku, anakula katika nyumba hizo. Kinachomchanganya ni mwalimu anayesema « wale wamepotea » akiwataja watu ambao mtoto anawaita mama mdogo na babu.

Walimu, kuna maneno mawili ya kuanzia nayo: « sisi tunaamini » na « wao wanaamini ». Yasemeni yote mawili kwa sauti moja. Tena mara nyingine waiteni wazazi wenyewe waje darasani kueleza siku kuu zao, kwani kitabu cha mtu wa mbali hakijui sikukuu za kijiji chenu.

Na iko siku mtoto atainua mkono aulize: « Mwalimu, baba yangu ni Mwislamu, atachomwa moto? » Watoto wanauliza hivyo, na darasa lote linanyamaza. Katekisimu ya zamani ilikuwa na jibu lake tayari. Ninyi mnaweza kumwambia: « Mungu ndiye ajuaye mioyo. Leo jioni muulize baba namna anavyosali na kwa nini, na kesho utatueleza. » Kesho yake mpeni nafasi mbele ya ubao, na wenzake wamsikilize mpaka amalize.