Save the Children

Save the Children ni shirika lisilo la kiserikali linalosaidia watoto na familia zilizo katika dhiki na kutetea haki zao. Lilianzishwa London mwaka 1919 na Eglantyne Jebb (1876–1928) pamoja na mdogo wake, Dorothy Buxton (1881–1963), kwa ajili ya watoto wa Ujerumani na Austria waliokuwa wakifa njaa mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Linafanya kazi katika nchi zaidi ya 100, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda.

Chanzo na kesi ya Jebb

Vita vilisimama Novemba 1918, lakini manowari za Uingereza na washirika wake ziliendelea kuzuia shehena zisiingie Ujerumani na Austria hadi mkataba wa amani ulipotiwa saini katikati ya mwaka uliofuata. Waingereza wengi hawakujua hali ilivyo ng'ambo ile, kwa kuwa magazeti yao hayakuiandika. Buxton alijua. Tangu mwaka 1915 alikuwa akisimamia tafsiri za magazeti ya nchi za adui, ambazo zilichapishwa katika jarida moja la Cambridge. Mwanzoni mwa 1919 yeye, dada yake na wenzao wakaunda baraza la kupinga njaa na kuitaka serikali iondoe kizuizi hicho.

Aprili 1919 Jebb alikamatwa katika uwanja wa Trafalgar akigawa vikaratasi vyenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana hadi kichwa kikaonekana kikubwa kuliko kiwiliwili. Kosa lake lilikuwa kuvichapisha bila kibali cha mkaguzi, kinyume cha sheria ya wakati wa vita. Mahakamani alijitetea mwenyewe. Hakukana kwamba hakuwa na kibali; aliyoyazungumza kwa kirefu ni maadili ya kuwanyima chakula watoto wasiojua vita vilianza vipi. Alipatikana na hatia akatozwa faini ya pauni 5. Kesi ilipokwisha, mwendesha mashtaka, Archibald Bodkin, alimpa pauni 5 kutoka mfukoni mwake, na fedha hizo zikahesabiwa kuwa mchango wa kwanza wa mfuko mpya wa Save the Children. Tarehe 19 Mei mwaka huohuo mfuko ulizinduliwa hadharani katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Inasimuliwa kwamba baadhi ya waliohudhuria walikuja na matunda yaliyooza, tayari kuwarushia "wasaliti".

Jebb alisoma historia Oxford, akafundisha shule kwa muda mfupi akaiacha kazi hiyo. Hakuolewa, hakuzaa, wala hakuwa mtu wa kubembeleza watoto.

Njaa ya Urusi

Papa Benedikto XV aliunga mkono kazi hii mapema kwa kuagiza michango makanisani, na mwaka 1920 umoja wa kimataifa wa vyama vya namna hii ukaundwa Geneva. Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1921, njaa ilipoangamiza watu kando ya mto Volga. Shirika lilikodi meli, Torcello, ikaondoka London na tani 600 za chakula, kisha likafungua majiko mkoani Saratov yaliyolisha mamia ya maelfu ya watoto. Gazeti la Daily Express lilishikilia kuwa ni upuuzi kulisha Warusi wakati Waingereza wenyewe hawana kazi. Jibu la shirika lilikuwa filamu: mpiga picha George Mewes alipelekwa huko, na picha zake zikaonyeshwa kumbini kote Uingereza. Michango ikaongezeka.

Tamko la Geneva

Tamko la Geneva ndilo jambo lililodumu kuliko shehena zote. Mwaka 1923 Jebb aliandika tamko fupi la vipengele vitano: mtoto apewe mahitaji ya kukua kimwili na kiroho; mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliyepotoka arudishwe, yatima ahifadhiwe; mtoto awe wa kwanza kupata msaada wakati wa maafa; awezeshwe kujipatia riziki na alindwe asinyonywe; na alelewe akijua kwamba vipaji vyake ni kwa faida ya binadamu wenzake. Shirikisho la Mataifa lililipitisha Septemba 1924. Kabla yake, mtoto maskini alitegemea sadaka ya mwenye moyo; tamko liliifanya sadaka hiyo kuwa deni. Ndilo shina la Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ule wa Afrika wa 1990, na kwa njia hiyo sheria kama Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009.

Marekani

Tawi la Marekani lilianza mwaka 1932 kwa watoto wa wachimba makaa ya mawe wa Harlan, Kentucky.

Afrika ya Mashariki

Mwaka 1931 umoja wa Geneva uliitisha mkutano kuhusu mtoto wa Afrika, ambao Waafrika walikuwa wachache mno ndani yake. Jomo Kenyatta aliutaja katika kitabu chake Facing Mount Kenya (1938), akiwapinga wajumbe wa Ulaya waliotaka tohara ya wasichana ikomeshwe.

Nchini Kenya shirika limekuwepo tangu miaka ya 1950. Matunda yake mashuhuri ni Starehe, Nairobi, kituo na shule kilichoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kwa wavulana waliobaki mitaani baada ya hali ya hatari ya Mau Mau. Kilianza na vibanda viwili vya mabati, na Save the Children ikawa mfadhili wake wa miaka mingi. Hapo mwana wa tajiri alilipa karo na mwana wa maskini hakulipa, lakini sare ilikuwa moja na zamu za usafi zilikuwa zilezile.

Lawama

Mwaka 2014 tuzo aliyopewa Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, na tawi la Marekani ilizua malalamiko ya wafanyakazi wenyewe. Mwaka 2018 tawi la Uingereza lilikumbwa na kashfa ya jinsi viongozi wake wa zamani walivyowatendea wafanyakazi wa kike. Taarifa ya msimamizi wa mashirika ya hisani, iliyotoka 2020, ililaumu uongozi. Wakosoaji wengine hulalamikia utegemezi wake wa ruzuku za serikali za Magharibi, ambazo ndizo mara nyingi huamua ni nchi gani itapata mradi.