Ngoma ya Mtoto Kwenye Matanga

Isukuti huchezwa kwa ngoma tatu. Kuna ngoma dume, kuna ngoma jike, na kuna ile ndogo, ngoma ya mtoto. Waisukha na Waidakho wa Kakamega huzipiga zote pamoja, pembe na vyuma vikiongezea, mwimbaji mmoja akitangulia na wengine wakimjibu, wanaume safu yao na wanawake safu yao. Huchezwa mtoto akizaliwa, huchezwa kwenye harusi, na huchezwa mtu akifa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Sababu mojawapo ni kwamba wazee wanaoijua vizuri wanaisha, na vijana wa kuwarithi ni wachache.

Wengi waliisoma hiyo kama habari ya utamaduni, mambo ya watalii na makumbusho. Mimi naisoma kama habari ya msiba. Kama ngoma ya mtoto haina mpigaji, basi mtoto mwenyewe anasimama wapi siku baba yake anapolala kwenye jeneza?

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu, kwa sababu kijana alikuwa na kazi matangani. Akifa mzee mwenye heshima huku kwetu, fahali waliletwa bomani kwake, shughuli inayoitwa shiremba, na vijana ndio waliotembea nao wakiimba na kupeperusha matawi, vumbi likitimka. Kwa majirani zetu Wajaluo kulikuwa na tero buru. Wanaume na vijana walitoka na ng'ombe, mikuki na ngoma hadi nje ya kijiji kuifukuza mauti, kisha wakarudi nyumbani kwa nyimbo. Ukiwa na miaka kumi na tano hakuna aliyekuuliza unajisikiaje. Ulipewa tawi, ukaambiwa twende. Ulilia ukikimbia, na hakuna aliyekushangaa maana kila mtu alikuwa analia akikimbia.

Hata neno lenyewe, matanga, ambalo sisi wa bara tulilichukua pwani, lina mpangilio ndani yake. Watu wa pwani hukaa matanga, halafu siku ikifika wanaanua matanga. Kuanua ni kutoa kitu kilichoanikwa, kama vile unavyoanua nguo mvua ikinusa. Yaani kulikuwa na siku ya kuingia kwenye majonzi na siku ya kutoka, na jamii nzima iliijua, hata watoto.

Sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa sawa. Fahali hawakuletwa kwa kila maiti. Aliyejinyonga alizikwa kwa aibu, mtoto mchanga alizikwa kimya kimya, na mjane alibebeshwa mengi ambayo leo hatungeyakubali. Kijana aliyempoteza mama hakupata vumbi na fahali kama aliyempoteza baba mzee. Lakini angalau palikuwa na mahali ambapo mwili wa kijana ulihitajika: sauti yake, miguu yake, mikono yake.

Mahali hapo palianza kufinywa mapema. Mwaka 1902 wamishonari Waquaker kutoka Marekani walifika Kaimosi, jirani kabisa na Idakho. Ibada yao ya asili ilikuwa ya kukaa kimya na kungoja. Miaka michache baadaye Wakatoliki wakafungua misheni yao Mukumu, katikati ya Isukha. Wamishonari wengi wa wakati ule waliiona ngoma ya msiba kuwa upagani, na Mkristo mpya alitarajiwa kuachana nayo. Watu hawakukubali kirahisi. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh, sehemu ambayo leo ni kaunti ya Vihiga, na hadi sasa ukikutana na waumini wake barabarani Jumapili utawaona na kanzu nyeupe, bendera, na ngoma. Kanisa moja lilikuwa limeifukuza ngoma, lingine likaifungulia mlango.

Kwa maoni yangu, kilichobadilisha matanga kuliko wamishonari ni mochari na UKIMWI. Mochari iliwezesha mwili kungoja wiki mbili au tatu, na katika wiki hizo kukazaliwa kitu kipya, kamati ya mazishi. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna bajeti ya hema, ya basi na ya jeneza. Msiba ukawa mradi, na mradi huendeshwa na watu wazima.

Halafu UKIMWI ukaja na vifo vingi kwa mpigo. Kisa cha kwanza Kenya kilitambuliwa mwaka 1984, na ilipofika Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa. Nyanza na Magharibi watu walikuwa wakitoka mazishi haya wakiingia yale. Nani angetafuta fahali kila wiki? Na waliokufa walikuwa baba na mama wenye nguvu, hao hao ambao wangemshika kijana mkono na kumwonyesha jinsi ya kupiga ngoma ndogo. Kijana wa miaka kumi na tano akaachiwa wadogo zake, shamba, na kimya.

Ndani ya pengo hilo ndipo ilipoingia disko matanga. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona: ni usiku wa kuamkia mazishi, au hata wiki nzima kabla yake. Jenereta inanguruma nyuma ya nyumba, spika zimepangwa uani, dijei yuko chini ya turubai. Vijana wanatoka vijiji vitano wanakuja kucheza, na katikati ya nyimbo kuna kuchanga pesa. Unalipa wimbo wako uchezwe, unalipa jina lako litajwe, mwingine analipa zaidi ili wako ukatwe. Watu husema hii ni tabia ya juzi iliyoletwa na mji. Si kweli. Wajaluo wana pakruok tangu zamani, ambapo mtu humlipa mwanamuziki asimamishe wimbo ili ajisifu yeye na ukoo wake, na mpiga nyatiti amekuwa mgeni wa kawaida kwenye matanga yao vizazi na vizazi. Disko matanga imebadilisha vyombo tu.

Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Kwa siku tisa kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kupanga viti, na kuonyesha wageni choo kilipo. Wazee walinipiga bega wakaniambia, "Jikaze kijana, wewe ndiye mwanaume sasa." Pasta aliomba, baba mdogo akasoma wasifu wa marehemu ambao kamati ilikuwa imeuandika, na ndani yake kulikuwa na shule alizosoma na kazi alizofanya. Katika siku hizo zote mtu mmoja tu ndiye aliyeniuliza swali kuhusu baba yangu, naye alikuwa dijei. Usiku ule wa mwisho alinivuta kando akaniuliza, "Mzee alikuwa anapenda nyimbo gani?" Nikamwambia Daudi Kabaka. Akatafuta kwenye laptopu yake akaipata "Helule Helule", akaipiga mwanzo hadi mwisho. Vijana wa rika langu hawakuijua, wakasimama tu wakitazamana. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Dada yangu mdogo akaanza kucheza jinsi baba alivyokuwa akicheza, bega moja juu. Hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza.

Ninasimulia hayo nikijua vizuri uchafu wa disko matanga. Wasichana wadogo wamenajisiwa gizani kwenye mikesha hiyo, wengine wakarudi nyumbani na mimba na shule ikaishia hapo. Ndiyo maana machifu na makamishna wa kaunti huipiga marufuku mara kwa mara, na mzazi yeyote mwenye akili anawaelewa. Shida yangu na marufuku ni kwamba kila mara inaishia hapo. Inazima spika na kuwaambia vijana waende kulala, kana kwamba kijana aliyefiwa hulala. Mwaka 2020 tuliona jinsi inavyokuwa muziki ukizimwa kabisa. Korona ilipoingia, serikali iliagiza mazishi yahudhuriwe na watu wasiozidi 15, na kafyu ikafuta mikesha yote. Usiku ulikuwa salama zaidi, lakini watoto wengi walimzika mzazi asubuhi mapema, haraka haraka, bila kuimba sawasawa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ujuzi upo. Nenda kwenye Tamasha la Muziki la shule na vyuo, utakuta wanafunzi wa sekondari wakicheza isukuti hadi jukwaa litikisike. Wanajua kuingia, wanajua kujibu, wanajua ngoma ya mtoto inakaa wapi kati ya zile mbili kubwa. Wanapewa alama na majaji na wanarudi shuleni na kombe. Kisha mmoja wao akifiwa, anaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, anapewa barua ya ruhusa na nauli, na akifika nyumbani anakabidhiwa mtungi wa maji. Hakuna anayekumbuka kwamba mtoto huyu anajua kupiga ngoma ya msiba, na kwamba huu hapa ni msiba.

Kuna watu walioliona jambo hili mapema, tena hapa jirani. Uganda, mwaka 1992, wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliunda chama chao, NACWOLA. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 walianza kutengeneza vitabu vya kumbukumbu. Mama aliyejua kwamba huenda hataishi alikaa na watoto wake na daftari. Waliandika mtoto alizaliwa wapi, babu alitoka wapi, ukoo unaitwaje. Walibandika picha, na pasipo na picha walichora. Mara nyingi daftari hilo ndilo lililompa mama ujasiri wa kumwambia mtoto ukweli kuhusu ugonjwa wake. Wazo lilivuka mipaka likafika nchi nyingine, Kenya ikiwemo, na dawa za ARV zilipopatikana baadhi ya wale akina mama waliishi wakaona watoto wao wakikua, daftari likiwa bado kwenye sanduku.

Nikilinganisha kitabu cha kumbukumbu na shiremba naona undugu. Hakuna hata kimoja kinachomkalisha kijana kwenye kiti na kumwambia aeleze huzuni yake. Kijana wa kwetu ukimuuliza anajisikiaje atakujibu "niko tu poa," na mazungumzo yameisha. Vyote viwili vinampa kitu cha kufanya kwa mikono, akiwa pamoja na watu wake, na kinachofanywa kinamhusu marehemu mwenyewe. Hicho ndicho dijei wangu alichokifanya kwa dakika nne, pengine bila kujua.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Kila kamati ya mazishi ina mtu wa chakula, mtu wa hema, mtu wa usafiri na mtu wa hazina. Bado sijaona kamati iliyo na mtu wa watoto wa marehemu. Angekuwepo, angewauliza nyimbo gani baba alipenda, na akahakikisha zinaimbwa mchana kweupe ambapo hakuna msichana wa kuviziwa. Angemtafutia binti daftari na kalamu za rangi, naye shangazi angekaa naye wamchore mama akiwa shambani, akiwa sokoni, akiwa amekasirika. Angemwambia mzee mmoja wa isukuti aje na ngoma tatu, mbili wapige wazee, na ile ndogo apewe kijana wa boma. Akikosea mdundo, wazee watamfuata yeye.