Watu wa Namba: Kambi za Mkonge Kando ya Reli ya Tanga

Korogwe ina asili mbili. Ya kwanza ni ya wenyeji wake, Wazigua na Wasambaa, waliolima kando ya mto Pangani tangu kabla ya mkoloni. Ya pili ni ya watu walioletwa, na hao aghalabu hawatajwi ila kwa jina lisilo la heshima.

Reli ilitangulia. Wajerumani walianza kuitandika kutoka Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896 na Korogwe 1902. Mwaka uleule wa 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kwayo ukazaliwa utajiri mkubwa wa Tanganyika. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipozuka, vireli vyembamba vya mashambani viling'olewa vikatandikwa kutoka Mombo kwenda Handeni kwa haja ya jeshi, na matoroli yakasukumwa kwa mikono ya watu. Hivyo mkonge, reli na vita vilijuana mapema.

Lakini vita vilivyoziumba kambi ni vile vya pili. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliteka Malaya, Ufilipino na Java, na Waingereza wakakosa kwa mpigo mpira, katani ya Manila na mkonge wa Java. Meli zilitaka kamba, na wavunaji wa ngano walitaka uzi wa kufungia miganda. Tanganyika ikatazamwa upya. Mipira ya zamani iliyoachwa tangu enzi ya Wajerumani ilianza kugemwa tena, na serikali ya kikoloni ikatumia sheria za vita kuwalazimisha wanaume kufanya kazi katika mashamba ya watu binafsi. Katika miaka ya mwisho ya vita, shuruti hiyo ikafika kwenye mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua kutoka mbali: Kigoma, Songea, Njombe, hata Ruanda-Urundi.

Safari yenyewe ilikuwa adhabu. Reli ya kati na ile ya Tanga zilikuwa hazijakutana, kwa hiyo aliyepanda gari la moshi magharibi alishuka njiani, akamalizia kwa lori au kwa miguu. Alipofika alipewa namba. Kwa namba hizo wakaitwa manamba, na neno hilo likawa tusi midomoni mwa watu wa mjini ambao hawajapata kushika panga la mkonge. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku 30 za kazi, zikamilike ndani ya siku 42, ndipo mshahara ulipwe. Mkataji alikata majani yenye miiba, akayafunga matita ya majani 30, yakapakiwa kwenye toroli hadi kiwandani, ambako mashine iitwayo korona iliyasaga na kuacha nyuzi. Wenyeji waliikwepa kazi hiyo, na hapana wa kuwalaumu. Walikuwa na mashamba yao, na kuwauzia chakula watu wa kambini kuliwafaa zaidi.

Kambi zilipangwa kwa makabila, Waha safu yao, Wangoni safu yao. Mpango huo haukudumu. Mkataba ulipokwisha, wapo waliokataa kurudi. Walioa, wengi wakasilimu, na watoto wao wakakua na Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani, si ya sokoni tu. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, aliviandikia vita hivyo utenzi mzima, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Waliokata mkonge wa vita hivyo bado wanangoja utenzi wao.

Mwaka 1963 kipande cha reli kutoka Ruvu kiliunganisha njia mbili zile, na kwa mara ya kwanza mtu wa Kigoma aliweza kurudi kwao kwa gari la moshi. Walowezi hawa walibaki. Wakati huo mkonge ulikuwa kileleni, tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Kisha nyuzi za viwandani zikaja, bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na baadaye mengine yakaachwa kuwa pori. Wajukuu wa manamba walipanda mahindi na muhogo palipokuwa na mkonge, karibu na makaburi ya babu zao, katika ardhi ambayo hati yake iliandikwa jina la shamba.