Mti wa Kaiija na chuma cha Wahaya

Mgeni anayefika Katuruka leo kwa nia ya kuuona mti wa Kaiija amechelewa. Mti huo mkubwa, ambao Wahaya waliuheshimu kwa vizazi vingi, ulishakatwa. Hata hivyo safari hiyo bado inafaa, kwa sababu kilichoupa mti ule sifa kilikuwa ardhini.

Katuruka iko Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, upande wa Maruku. Mtu wa Kahororo, Bukoba mjini, huenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hapo ndipo ilipokuwa ikulu ya Rugomora Mahe, mukama (yaani mfalme) wa Kyamutwara katika karne ya 17. Wazee husimulia kwamba mukama huyo aliwaita wahunzi, akawaamuru wamfulie mnara wa chuma ufike mbinguni apate kujua kuna nini huko juu. Chuma kikafuliwa penye mti wa Kaiija. Mnara ukapanda, kisha ukaporomoka.

Msomi mwenye haraka angeicheka hadithi hiyo na kwenda zake. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, aliichukua kama ramani. Aliwasikiliza wazee kwanza, ndipo mwaka 1970 akachimba pale walipomwonyesha. Wazee walikuwa sahihi: palikuwa na mkaa na mabaki ya kazi ya chuma.

Kilichozua mjadala ni umri wa mkaa wenyewe. Baadhi ya vipimo vilirudi nyuma hadi karibu mwaka 500 KK. Wapo wataalamu wanaoona tarehe hizo ni za mbali mno, lakini vigae vya vyungu vya Urewe, yaani vya mwanzo wa Zama za Chuma, vilivyopatikana huko vinatosha kuonyesha kwamba wahunzi walikuwapo karne nyingi kabla ya Rugomora Mahe kuzaliwa. Iweje basi sifa zao apewe yeye? Schmidt anaeleza kwamba Bahinda, ukoo wa Rugomora Mahe, walipotwaa utawala, walijiweka mahali ambapo wenyeji walikuwa wakipaheshimu tangu zamani, wakaifanya historia ya wahunzi kuwa yao. Naona maelezo hayo yana nguvu. Watawala wapya hupenda sana kufungua majengo waliyoyakuta.

Wahunzi wenyewe hawakuwa watu wa kubahatisha. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani waliombwa waonyeshe kazi hiyo tena. Walichimba shimo, wakachoma humo matete ya kinamasi, wakajenga tanuri juu yake kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa na kuanza kuvukuta. Kwa maelezo ya Schmidt, hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kukutana na mkaa. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba joto la tanuri hizo lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi, na kwamba ujuzi huo ulikuwapo Buhaya yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Halafu yakaja majanga. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa huo ukawamaliza wengi ambao wangerithi masimulizi ya wazee. Mti nao ukaenda. Mwaka 2008 wanakijiji wa Katuruka walianza kuurudisha urithi wao, wakamwita Schmidt awasaidie. Nyumba ya kaburi la Rugomora Mahe ikajengwa upya, na eneo likaandaliwa kupokea wageni.

Ninachokiona kuwa aibu ni kwamba mzungu hulivukia bahari eneo hilo, ilhali mwanafunzi wa Bukoba au Muleba anaweza kumaliza kidato cha nne bila kulikanyaga. Walimu wa historia wa Kahororo na kwingineko, pangeni safari. Na wewe ambaye kwenye kiambo chenu kuna mti wa zamani ambao bibi hakuruhusu mtu aukate, muulize sababu kabla hujamwita mwenye msumeno.