Barua, tarehe na mpaka: uzi kwa mafundi wa Kibera na Kawangware wanaouza nje

Wadau, kila msimu wa siasa mjadala ni uleule: tufunge mpaka tulinde watu wetu, ama tufungue tuuze. Kila upande una makofi yake. Nimeufuatilia miaka mingi na naona kuna swali linarukwa: sera ya mpaka ikibadilika, huwa inabadilika vipi, na mwenye mzigo barabarani anajua lini? Uzi huu ni wa hilo tu. Sitataja chama wala mwanasiasa, msinitafutie maneno.

Nasema mafundi kwa sababu tukisikia "muuzaji wa nje" tunawaza shamba la maua Naivasha. Lakini Kibera kuna karakana zinazochonga mifupa ya ng'ombe na kuyeyusha shaba ya kufuli na mifereji kuukuu, wakitengeneza hereni na bangili zinazovaliwa Ulaya na Marekani. Huku kwetu Kawangware kuna mafundi cherehani na wa ushanga wanaotuma kifurushi kimoja kimoja. Hao hawana wakili. Hawana mtu wa kuwasomea gazeti la serikali.

Turudi nyuma kidogo. Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka sita. Soko la Arusha na Moshi likaisha hivyo, na hata mzigo wa Zambia uliokuwa ukipita Tanzania ukakosa njia. Hapo hakuna cheti ambacho kingekuokoa. Aliyekuwa na mnunuzi upande mwingine, Uganda kwa mfano, ndiye alibaki na kazi.

Hayo ni ya zamani, utasema. Sawa, tuje Machi 2021. Tarehe 5, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kusimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Barua moja, na malori yakapanga foleni Namanga na Busia. Sisi wa unga tukaanza kuuliza bei itafika wapi. Kufikia tarehe 10 marufuku ikaondolewa, lakini kwa masharti: mwenye kuleta mahindi asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha mahali ulikotoka, na cheti cha kuonyesha aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Angalia vizuri hapo. Kilichofungwa na barua kilifunguliwa na karatasi. Mfanyabiashara wa Mbale ama wa Arusha aliyekuwa amezoea kupima mahindi yake alipita mapema. Aliyeanza kutafuta maabara siku hiyo, mahindi yalimsubiri juu ya lori, tena kwenye unyevu. Na fundi wetu wa mifupa yuko hapohapo: mfupa ni zao la mnyama, nchi nyingi zitataka cheti cha daktari wa mifugo. Si kitu cha kutafuta mzigo ukiwa tayari uwanja wa ndege.

Kuna mabadiliko ya aina nyingine, yale yenye tarehe. Haya ndiyo hunikasirisha kwenye mijadala, kwa sababu mtu anasema "tumeshtukizwa" na hakuna aliyeshtukizwa. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulitangaza kwamba nchi ambazo hazijakamilisha mkataba mpya zitapoteza nafasi ya kuuza bila ushuru tarehe 1 Oktoba 2014. Oktoba ikafika, Jumuiya bado inavutana, na bidhaa za Kenya zikatozwa hadi 25 Desemba. AGOA ya Marekani ni vilevile. Ilianza mwaka 2000, na iliporefushwa mwaka 2015 sheria yenyewe iliandika mwisho: 30 Septemba 2025. Siku hiyo ilifika na muda ukaisha kabla Bunge la Marekani halijaurefusha. Miaka kumi kalenda ilikuwa ukutani!

Kilichowaumiza zaidi wadogo, kwa maoni yangu, hakikupigiwa kelele hata robo. Tangu 2016 kifurushi cha hadi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru. Tarehe 29 Agosti 2025 nafasi hiyo ikafutwa kwa nchi zote, na posta za nchi nyingi zikasitisha vifurushi kwa muda. Jozi ya hereni ya dola 30 ikaanza kudaiwa ushuru mlangoni kwa mteja, naye anarudisha mzigo. Ndiyo maana nasema oda iandikwe wazi: ushuru ukibadilika kitu kikiwa njiani, nani atalipa? Mstari mmoja wa WhatsApp ambao mnunuzi amekubali ni bora kuliko kukosa kabisa.

Sasa ile ya mitumba, ambayo watu wa Toi wanaikumbuka. Machi 2016 viongozi wa Jumuiya walikubaliana Arusha kuachana na nguo na viatu vya mitumba ndani ya miaka mitatu. Fundi cherehani wa Kawangware alikuwa na haki ya kufurahi. Muuzaji wa Toi, hapo ubavuni mwa Kibera, alikuwa na haki ya kuogopa. Wote wawili walidhani ni ugomvi wao. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao: hawa wanavunja masharti ya AGOA. Kenya ikajiondoa haraka, maana viwanda vya Athi River na Ruaraka vilikuwa vikishonea soko hilo maelfu kwa maelfu ya nguo. Rwanda ikakaza, ushuru wa mitumba ukiwa umetoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Julai 2018 nguo za Rwanda zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru.

Nani alilipa? Mshonaji wa Kigali aliyekuwa anauza Marekani, ambaye hajawahi kugusa mtumba. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani aseme atapiga marufuku kitu fulani kutoka nje, muulize kinatoka wapi, na huko sisi tunauza nini.

Kwa wanaoanza na majirani, kuna karatasi moja rahisi ambayo wengi hawaijui. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, ulio kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na uliotengenezwa ndani ya Jumuiya, hupata cheti chepesi cha asili palepale mpakani, Namanga ama Busia, bila kupitia wakala. Kinakuondolea ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine na ukaguzi wa ubora viko palepale, kwa hivyo beba risiti za ulikonunua malighafi. Afisa akiuliza mfupa umetoka machinjio gani, uwe na cha kumwonyesha.